Nilimwambia Haina Samaki

Majira fulani ya baridi, jijini Nagoya, Japani, nilimlisha samaki mtu ambaye dini yake na malezi yake hayamruhusu kula samaki. Aliniuliza kabla hajala. Nikamwambia hamna. Baadaye nikaja kujua kwamba wamo, na nikanyamaza. Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Ninaliungama leo kwa sababu maelekezo ya supu niliyompa nilikwisha kuyagawa kwa watu wengi, Unguja, Dar es Salaam na kwingineko, na wapo ambao huenda wanayafuata mpaka sasa.

Tuliishi ghorofa moja katika bweni la wanafunzi wa kigeni na jiko letu lilikuwa moja. Yeye alitoka Gujarat, India, mwana wa nyumba ya Kihindu ambayo kwa vizazi haijaingiza nyama, samaki wala mayai. Uyoga alikula, ingawa aliniambia bibi yake hakuwahi kuugusa. Japani ilimpa taabu ya chakula ambayo wengi wetu hatukuiona. Mchuzi wa tambi za soba na udon una samaki. Mchicha uliochemshwa na kukamuliwa hunyunyiziwa sosi yenye samaki. Hata kachumbari nyingine zimekolezwa hivyo hivyo. Ukimuuliza mhudumu kama mna nyama, atakujibu hamna, na kwa moyo safi kabisa, kwa kuwa kwake mchuzi wa samaki ni msingi wa chakula, kitu ambacho hakuna anayekikumbuka akiulizwa habari za nyama. Rafiki yangu alikuwa akirudi kutoka maabara usiku hali ameshinda na mkate na ndizi.

Jioni moja alinikuta ninakoroga supu ya miso yenye tofu na uyoga. Harufu ilimvuta. Akauliza ndani mna nini. Nikamwambia: maharage ya soya, tofu, uyoga na majani ya kitunguu, hamna nyama, hamna samaki. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Akakaa, akala bakuli mbili. Tangu hapo supu ile ikawa desturi yetu ya baridi, na yeye akawa ananunua tofu na mimi ninapika.

Sikuwa na udhuru wa malezi. Nimekulia Mji Mkongwe, Zanzibar, mtaa wenye Mabaniani. Siku za sikukuu mama alipotaka kumpelekea jirani chakula, alitoa sufuria yake ya pembeni, akaiosha upya, na akatuonya tusichovye humo upawa uliotoka kwenye mchuzi wa samaki. Hatukuambiwa kwa nini kwa maneno mengi. Tulijua kwamba anayepokea sahani ile hataingia jikoni kwetu kukagua; atakula kwa kutuamini. Na mimi mwenyewe, Muislamu nchini Japani, kila siku nilikuwa upande wa pili wa swali hilohilo. Nilikuwa nauliza kama mna nguruwe, kama mna pombe, nikatia mkono au nikauondoa kwa kutegemea jibu la mtu. Kama kuna mtu aliyepaswa kujua uzito wa jibu, ni mimi.

Sasa nieleze kilichokuwamo kwenye sufuria.

Miso ni maharage ya soya yaliyopikwa, yakatiwa chumvi na koji, yaani nafaka au maharage yaliyooteshwa kuvu iitwayo Aspergillus oryzae, kisha yakaachwa yachache kwa miezi au miaka. Sehemu kubwa ya Japani hutumia koji ya mchele. Kyushu wanapenda ya shayiri. Mkoa wa Aichi, ambao Nagoya ni mji wake mkuu, una njia yake: koji hufanywa kwa soya yenyewe, bila nafaka. Inayosifika zaidi ni Hatcho miso ya mji wa Okazaki, mwendo mfupi wa treni kutoka Nagoya. Huko nimeona mapipa ya mbao yanayomzidi mtu kimo, kila moja limebeba tani zipatazo 6 za miso, na juu yake mawe ya mto yamepangwa kwa mkono hadi yakawa kilima, tani zipatazo 3. Miso inalala humo zaidi ya miaka miwili. Inatoka nyeusi, ngumu, yenye ukali kidogo ulimini, na orodha ya viambato vyake ni fupi kuliko ya mkate wa dukani: soya, chumvi, maji.

Lakini sikuwa nikipikia hiyo. Dukani jirani na bweni kulikuwa na kopo la akadashi, ambayo watu wa Nagoya huinunua sana. Akadashi huanza na hiyo miso ya soya, ikachanganywa na miso ya mchele, na mara nyingi ikatiwa sukari na ladha ya mchuzi ili mpishi asihangaike. Unaiyeyusha kwenye maji ya moto, basi, supu imekamilika. Mimi niliona raha ile nikadhani ni sifa ya soya. Nilipoonja utamu ule wa ndani, unaojaza mdomo na kubaki, nilidhani miaka ya kuchacha ndiyo iliyouleta.

Hapo ndipo nilipokosa elimu ya msingi. Supu ya miso ina vitu viwili vinavyobebana, miso na dashi. Dashi ni maji yaliyotiwa ladha, na bila dashi miso ni chumvi yenye harufu nzuri tu. Dashi ya kawaida hufanywa kwa kombu, mwani mnene wa kahawia wa bahari baridi za kaskazini, pamoja na katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi, akakaushwa mpaka akawa mkavu wa kuparwa kwa randa. Nyumba nyingi hutumia niboshi, dagaa waliochemshwa na kukaushwa. Wajapani walijua kwa mazoea kwamba kombu na samaki wakikutana ladha inapanda, na wanakemia wao ndio waliokuja kufungua siri yake. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda, profesa wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, alitenga glutamati kutoka kwenye kombu na kuipa ladha ile jina la umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, akaonyesha kwamba katsuobushi inabeba kitu kingine, inosinati. Mwaka 1957 Akira Kuninaka akatambua ladha ya guanilati, ambayo baadaye ilikutwa kwa wingi katika uyoga wa shiitake uliokaushwa, na akaonyesha kwamba vitu hivi vikichanganywa na glutamati ladha hupanda kuliko jumla ya kila kimoja peke yake.

Nayataja haya kwa sababu yananihukumu. Utamu niliokuwa nikimsifia rafiki yangu, nikamwambia ni wa maharage, ulikuwa wa samaki. Na dawa yake ilikuwa mezani petu. Tulikuwa na uyoga, na kwa shiitake uliokaushwa tungeweza kupata ladha ya namna hiyo bila kumdhulumu mtu.

Aliyenionyesha ni mwalimu wangu wa Kijapani, mama mtu mzima aliyekuja kututembelea. Alionja, akauliza ninatumia dashi gani. Nikasema situmii, ni miso peke yake. Akaligeuza kopo, akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa maandishi madogo. Jina la samaki lilikuwa pale, limeandikwa kwa herufi nyepesi ambazo mtoto wa darasa la kwanza anazisoma, na ambazo mimi nilikwisha kuzisoma katika mabango ya barabarani na menyu za mikahawa. Siwezi kusema nilishindwa na kanji. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimetazama kijisanduku cha vitu vinavyoleta mzio, nikaona soya, sikuona samaki, nikatosheka. Sheria ya Japani inawalazimisha watengenezaji kutaja humo vitu vichache kama ngano, mayai, maziwa, karanga, kamba na kaa. Samaki huyu wa dashi hayumo katika orodha hiyo. Kijisanduku kile kimewekwa kwa ajili ya mwenye mzio. Mwenye dini anapaswa kusoma orodha nzima.

Kwa hiyo nikiita kosa langu la kwanza kutojua, nitakuwa nimejipendelea. Elimu ilikuwa mkononi mwangu, upande wa nyuma wa kopo, nami sikuligeuza. Mtu aliniuliza swali, nikampa dhana yangu kama ushahidi.

Mwalimu alipoondoka nilijua wajibu wangu. Mlango wa rafiki yangu ulikuwa hatua chache tu kutoka jikoni. Sikuenda. Nilijiambia ni wakati wa mitihani, nisimvuruge. Nilijiambia kiasi chenyewe ni kidogo, vumbi la samaki ndani ya miso. Nilijiambia asiyejua hana dhambi, kwamba mbele ya Mungu wake yeye ni safi, na kwamba nikimwambia ndipo nitakapomtia doa. Hoja hizo zote zilikuwa zinamlinda mtu mmoja tu, mimi. Yeye hakuomba nimpimie kiasi. Aliuliza mna samaki au hamna.

Nilibadilisha miso kimyakimya, nikanunua ile safi ya soya, nikaendelea kumpikia. Akasema supu ya siku zile imepungua kitu, ile ya mwanzo ilikuwa nzuri zaidi. Niliinamisha uso. Wakati huo alikwisha kuwaandikia wa nyumbani kwao, akimweleza mama yake kwamba amepata chakula cha Kijapani anachoweza kukila bila wasiwasi, na kwamba anayempikia ni Muislamu kutoka Afrika anayejua masharti ya chakula. Aliniomba maelekezo ili amtumie. Nikampa yenye miso safi, wala sikusema kwamba ya kwanza ilikuwa nyingine.

Ramadhani ilipoingia, mwezi Machi, mwenzetu mmoja Mjapani kutoka maabara alituletea peremende na keki kwa futari. Nikamuuliza kama mna jelatini ya nguruwe. Angeweza kunijibu papo hapo. Vitu ni vya nchi yake, lugha ni yake. Akasema subiri kwanza, sijui. Akakaa chini na pakiti zote, akasoma moja moja polepole, akatenga mbili pembeni akasema hizi zina jelatini na haikuandikwa ya mnyama gani, msile. Mtu yule hakuwa na dini inayomkataza chochote katika pakiti zile. Alitumia dakika kumi za jioni yake kwa ajili ya swali langu, kwa sababu aliliona ni swali la kweli. Futari ile nilikula tende na maji, chakula kingine hakikupita.

Usiku huo nilimgongea rafiki yangu, nikamwambia yote. Hakupandisha sauti. Aliniuliza mambo mawili. La kwanza, ilikuwa tangu lini hadi lini. La pili, nilijua lini. Nilipomjibu la pili alinitazama muda mrefu, kisha akasema la kwanza angeweza kulisahau usiku uleule. Hakulala vizuri, nilisikia maji bafuni mpaka usiku mkubwa. Kesho yake alifunga. Aliniambia pia kwamba atalazimika kumwandikia mama yake upya, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote, kwa kuwa mama yule alikuwa ameshapumua kwa ajili yangu.

Hakuja jikoni wakati ninapika kwa muda. Alinisalimu kila siku, kwa adabu ileile, lakini alirudi kwenye mkate na ndizi. Niliona mkate ule juu ya meza nikajua ni mimi niliyemrudisha huko. Mtu anayeishi ugenini na masharti ya chakula huhesabu watu ambao anaweza kula kwao bila kuuliza mara mbili, na hesabu hiyo huwa ndogo. Nilikuwa nimemwondolea mmoja. Alikuja siku moja, akasimama kando ya jiko, akasema pika, nitazame. Nikaweka kila kitu mezani, kila pakiti imegeuzwa, tukasoma pamoja. Urafiki wetu upo mpaka leo. Hata hivyo swali lake kwangu limebadilika. Zamani aliuliza, sasa anasoma mwenyewe, na ninaona ni haki yake.

Katika kusoma huko nilikuta na langu. Kopo lile la zamani lilikuwa na alkoholi, ambayo watengenezaji wengine huitia ili kuzuia miso isiendelee kuchacha na kufura ndani ya kifungashio. Nilikuwa nimekula majira yote yale bila kujua. Wanazuoni wana kauli zao juu ya kiasi kama hicho na sitaingia huko. Zipo leo miso zenye cheti cha halali, na zipo nyingi ambazo hazikutiwa alkoholi kabisa. Ni suala la kutazama.

Basi niwape supu yenyewe, kama ninavyoipika sasa. Sikuivumbua. Watawa wa Kibudha wa Japani wamepika bila nyama wala samaki kwa karne nyingi, chakula kinachoitwa shojin ryori, na mtawa Dogen aliandika mwaka 1237 maelekezo kamili juu ya wajibu wa mpishi wa hekaluni, tangu kuchagua mchele hadi kuosha vyombo. Kwao dashi ni kombu na shiitake mkavu.

Kwa watu wanne, tia maji ya baridi kama mililita 800 kwenye chombo, weka kipande cha kombu cha gramu 8 hadi 10 na shiitake wakavu watatu au wanne, kisha acha kwenye friji usiku kucha. Ule unga mweupe juu ya kombu usiuoshe, ni sehemu ya ladha. Pangusa vumbi tu kwa kitambaa. Shiitake usiutie kwenye maji ya moto kwa haraka ya kuulainisha. Ladha yake hujengeka ukilowekwa baridi kwanza kisha ukapashwa taratibu, na hapa papara inapoteza kile ulichonunulia. Wenzangu wa Zanzibar wameniuliza kama mwani wetu wa Paje na Jambiani unafaa. Ule ni wa jamii nyingine, unalimwa kwa ajili ya kutoa karajinani inayogandisha vyakula na dawa, na hautoi dashi. Ukikosa kombu, ongeza shiitake mkavu.

Asubuhi weka sufuria kwenye moto mdogo. Maji yakianza kutoa vipovu vidogo pembeni, kabla hayajachemka, toa kombu. Ikichemka hutoa ute na uchungu. Shiitake toa, kata vipande vyembamba, rudisha. Tia uyoga mbichi ulio nao: shimeji au enoki ukiwa Japani, na ukiwa nyumbani, uyoga wa mamama unafaa sana ukichanwa kwa mkono. Uive dakika tatu nne. Tofu nusu kipande, ikatwe midogo; ile laini inateleza vizuri kwenye supu, ile ngumu haivunjiki, chagua upendavyo. Ipashe tu, usiichemshe ikakakamaa.

Sasa zima moto. Chukua vijiko vitatu vya chakula vya miso, viweke kwenye upawa au chujio, teka supu kidogo na uikoroge humo humo mpaka iyeyuke, ndipo uimwage. Onja kabla ya kuongeza; chumvi usitie kabisa, miso inayo ya kutosha. Usiirudishe ikatokota. Zamani mimi niliiacha ichemke kama mchuzi wa nazi, na harufu yote ikaishia darini. Nyunyiza majani ya kitunguu, pakua upesi. Hii ndiyo supu ambayo rafiki yangu anaila, na ladha aliyosema imepungua ilirudi siku tulipoanza kuloweka shiitake.

Mliopata maelekezo kutoka kwangu kabla ya haya, yale yanayosema yeyusha miso kwenye maji ya moto basi, ninawaomba radhi na ninawaomba myafute. Kabla hujampikia jirani yako asiyekula samaki, geuza kopo usome orodha yote, neno kwa neno. Akikuuliza nawe hujaisoma, mwambie hujaisoma. Na kama ulishampikia kwa maelekezo yangu, nenda kamwambie leo.